GOGO LIMEKWENDA, UDONGO UMEBAKI: HISTORIA YA NJIA ZA MAGOGO KATIKA MILIMA YETU YA USAMBARA MASHARIKI

Ndugu msomaji, katika kurasa zilizotangulia umesoma habari za hisa zetu, mikopo yetu na lile sanduku letu lenye kufuli tatu, ambalo kwa miaka kumi halijawahi kufunguliwa na mtu mmoja peke yake. Sasa tunaomba tuziweke pembeni hesabu za fedha, tuzungumzie hesabu nyingine, yaani hesabu ya udongo.

Huenda utajiuliza, kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopa kinahusiana nini na udongo wa msituni? Kinahusiana sana. Mikopo yetu hairudishwi kwa maneno. Inarudishwa kwa iliki, kwa mdalasini, kwa pilipili manga, kwa karafuu na kwa kokwa za msambu tunazookota na kuziuza. Vyote hivyo vinatoka ardhini. Udongo ukichoka, marejesho yanachelewa, na marejesho yakichelewa, sanduku linalia. Tena, kile kipande cha ardhi ambacho serikali ya kijiji ilitupa tukitunze, hapo zamani kilikuwa uwanja wa kukusanyia magogo. Kila mwanachama anakijua. Lakini si kila mwanachama, hasa mabinti waliojiunga juzijuzi, anajua kwa nini miti pale inakua kwa shida namna ile. Basi hii ndiyo historia yake.

MSITU WA BIBI ZETU

Milima ya Usambara ni sehemu ya safu inayoitwa Tao la Mashariki, iliyoanzia vilima vya Taita huko Kenya na kushuka hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Mawe yake ni ya kale mno. Huku kwetu upande wa mashariki mvua ni nyingi, maana upepo wa Bahari ya Hindi unapanda moja kwa moja na kuacha maji yake mlimani. Pale Amani hupimwa karibu milimita 1,900 kwa mwaka.

Ukiona msitu mnene namna hii, na miti mirefu ambayo watu watatu hawaikumbatii, utasema udongo wake una rutuba isiyokwisha. Hapo ndipo wengi walipodanganyika. Mvua ya maelfu na maelfu ya miaka imeuosha udongo mwekundu wa huku juu hata ukabaki mchachu, wenye chakula kidogo. Rutuba iliyopo imo katika tabaka jembamba la juu, lile leusi lililojaa majani yaliyooza, mizizi midogo na wadudu. Msitu unajilisha wenyewe. Jani linaanguka, linaoza, mzizi unalichukua, linapanda tena juu. Ni kama kikundi chetu: fedha zinazunguka humuhumu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ukiliondoa lile tabaka la juu, umeondoa sanduku na vitabu vyake vyote.

Bibi zetu walilijua jambo hili bila kupima. Iliki waliipanda chini ya kivuli cha miti mikubwa, na shamba likichoka walilipumzisha. Miti walikata, hatusemi kwamba hawakukata. Lakini walikata kwa shoka na panga, na gogo walilichukua mabegani au walilipasulia palepale lilipoangukia.

RELI, KAHAWA NA MISUMENO YA MKONO

Baada ya mwaka 1891, serikali ya Wajerumani ilipoitawala nchi yetu moja kwa moja, walowezi walipanda huku wakafungua mashamba makubwa ya kahawa. Waliutazama msitu wakaona utajiri. Kahawa ile haikufanikiwa kama walivyotarajia, maana udongo ulikuwa mchachu na dhaifu mara tu msitu ulipoondolewa. Hilo lilikuwa somo la kwanza la udongo wa Usambara Mashariki.

Mwaka 1902 Wajerumani hao hao walianzisha pale Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, chenye bustani ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia. Bustani hiyo ipo mpaka leo. Katika miaka hiyo hiyo ilijengwa reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi, chini kidogo ya Amani, kuungana na reli kubwa ya Tanga. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao na magogo. Reli ile haipo tena, lakini mawe ya kituo na jina la Sigi bado vinakumbusha.

Baadaye, wakati wa Waingereza na hata baada ya Uhuru, kazi ya mbao ilifanywa zaidi na wapasuaji wa mkono. Mti unaangushwa, unachimbiwa shimo, gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu na mwingine chini, wanavuta msumeno. Mbao zinatoka msituni kichwani, ubao mmoja mmoja. Kazi hiyo nayo ilimaliza miti mingi mizuri, hasa mivule na mitambara. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Ila udongo ulijeruhiwa sehemu ndogo tu, yaani pale mti ulipoangukia na pale shimo lilipochimbwa. Kando yake, miche ilibaki imesimama kama haijasikia lolote.

MIAKA YA KATAPILA

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970. Kiwanda cha mbao kilichokuwa Tanga kiliongezewa nguvu, na kwa msaada uliotoka Ufini zikaja mashine mpya za kukata na kuvuta magogo. Msumeno wa moto ukachukua nafasi ya shoka. Katapila likachukua nafasi ya mabega ya watu.

Wazee wetu wa kike wanaokumbuka miaka ile wanasimulia kwamba mlio wake ulikuwa unasikika tangu alfajiri. Wengine waliwapikia wafanyakazi uji na mihogo pembezoni mwa barabara, wakapata senti zao. Hatuwezi kukana kwamba kazi ilikuwepo, na kuna nyumba za bati zilizojengwa kwa fedha ile. Historia ni lazima isemwe yote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza katapila lilifungua njia kwa koleo lake la mbele, likikwangua majani, miche na udongo wote mweusi na kuusukuma pembeni. Halafu mti uliangushwa. Gogo lilifungwa mnyororo, likaburutwa mlimani mpaka uwanjani, ambako lilisubiri lori. Njia moja iliweza kupitiwa mara nyingi, na nyingine zilichepuka kulifuata kila gogo lililokuwa mbali. Ukiutazama mlima baada ya kazi, ulikuwa kama kichwa kilichosukwa vibaya, mistari kila upande.

Malalamiko yakaanza, ya wanavijiji na ya wataalamu. Mwaka 1986 na 1987 ilifanyika hesabu kubwa ya msitu wa Amani, nayo iligharamiwa na Ufini ileile. Ukataji wa kibiashara ukakomeshwa katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1980. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta zipatazo 8,380. Sababu moja kubwa ilikuwa maji. Mto Zigi unaanzia huku kwetu, na maji yake ndiyo yanayokwenda kwenye bwawa la Mabayani lililojengwa 1978 ili kuinywesha Tanga. Mama wa Ngamiani akifungua bomba, anafungua msitu wetu.

Katapila liliondoka. Lakini njia zake hazikuondoka nalo.

UDONGO UNAVYOUMIA

Sasa hebu tueleze kwa lugha ya jikoni, maana wengi wetu udongo tunaujua kwa mikono.

Udongo mzuri wa msitu si kitu kigumu kitupu. Karibu nusu yake ni matundu, makubwa na madogo. Matundu makubwa yanapitisha maji na hewa, na madogo yanahifadhi maji kama sifongo. Mzizi mchanga nao unapita kwenye matundu hayo. Mzizi hautoboi udongo kama msumari, bali unatafuta nafasi na kujisogeza. Udongo wa namna hiyo ni kama unga wa maandazi uliokwisha kuumuka.

Kitu chenye uzito wa tani nyingi kikipita juu yake, tena kikiburuta gogo, yale matundu makubwa ndiyo yanayobonyea kwanza. Unga wako umesindikwa, haumuki tena. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: madhara makubwa hufanyika katika safari chache za mwanzo. Katapila likipita mara tatu, mara tano, mara kumi, sehemu kubwa ya kusindikwa imekwisha kufanyika. Safari ya hamsini inaongeza kidogo tu. Kwa hiyo kupita sehemu nyingi mara chache chache, kama walivyofanya huku, ni kuumiza eneo kubwa zaidi kuliko kupita njia moja mara nyingi.

Jambo la pili ni maji. Muulize mama anayefinyanga vyungu. Udongo mkavu haufinyangiki, lakini ukiulowesha na kuukanda unashikamana mpaka hautoi maji. Udongo wetu una mfinyanzi mwingi, na mvua huku hazina likizo ndefu. Katapila likifanya kazi udongo ukiwa umelowa, linafanya kazi ya mfinyanzi. Linakanda chungu kikubwa, chenye urefu wa njia nzima.

Jambo la tatu ni lile koleo la mbele. Lilipoukwangua udongo mweusi lilichukua pamoja nao chakula cha mimea, mbegu zilizolala, minyoo, na kuvu. Kuvu hawa si wale wa kuoza mkate. Ni nyuzi nyembamba zinazoungana na mizizi ya miti na kuisaidia kutafuta maji na chakula, hasa fosforasi, ambayo katika udongo mchachu kama wetu ni adimu. Mche usiowapata unaishi kama mkopaji asiye na mdhamini.

Matokeo yake unayaona mvua ikinyesha. Pembeni mwa njia maji yanazama. Juu ya njia maji yanatiririka, yanachimba korongo, na yanashuka mtoni yakiwa mekundu. Penye bonde maji yanatuama, na mizizi inakosa hewa. Kiangazi kikija, palepale panakuwa pakavu kama tanuri, maana sifongo hakuna. Mche mmoja unateswa kwa mafuriko na kwa ukame katika mwaka mmoja.

MCHE UNAVYOPAMBANA

Ukiung'oa mche uliokulia kwenye njia ya katapila utaona mzizi wake mkuu umeshuka kidogo, kisha umepinda ukaenda ubavuni. Mizizi ya pembeni ni michache, mifupi na minene. Juu majani ni machache, yamefifia. Mti haufi mara moja. Unabaki mdogo, mwaka hadi mwaka, kama mtoto aliyekosa maziwa. Na kwa sababu mizizi yake haikushuka, upepo ukivuma sana unaanguka.

Lakini miche haifanani, kama watoto wa mama mmoja wasivyofanana. Hapa ndipo historia yetu inapokuwa na fundisho lake kubwa.

Miti mikubwa ya msitu wetu kama mtambara ina mbegu kubwa. Mbegu hizo hazilali udongoni miaka na miaka kusubiri. Zinaota mapema, halafu mche ndio unaosubiri. Unakaa kivulini, mdogo, kwa miaka mingi, mpaka mti mzee uanguke na mwanga uingie. Ile miche midogo unayoikanyaga ukienda kuokota kuni ndiyo akiba ya msitu. Katapila lilipopita, liliiponda akiba yote. Sanduku lilivunjwa na wenye funguo hawakuulizwa.

Msambu nao una taabu zake. Kwanza, kuna msambu dume na msambu jike, na jike pekee ndiye anayezaa. Pili, kokwa yake inachukua miezi mingi kuota, wakati mwingine hupita mwaka mzima. Mwanamke anayeotesha msambu ni lazima awe na subira ya mjamzito na zaidi. Mti wa namna hii haukimbilii udongo uliosindikwa na kuukamata upesi. Unakuja mwishoni, kama unakuja.

Ipo miti mingine ambayo udongo uliovurugwa kwake ni sherehe. Mbegu zake ni nyingi, zinapenda jua na udongo ulio wazi usio na majani. Hiyo inaota haraka mahali ambapo mingine inashindwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba katapila lilizuia miti yote kuota. Lilichagua. Liliwafukuza wenyeji wa kivulini na kuwakaribisha wageni wa juani.

HABARI ZA MSIZI

Mgeni mkubwa kuliko wote ni msizi, unaoitwa na wataalamu Maesopsis eminii. Kwao ni Uganda, pande za Ziwa Viktoria, Kongo na Afrika Magharibi. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 ili kujaribiwa, na baadaye ukapandwa katika mashamba ya miti, pamoja na kule Kwamkoro. Ni mti mzuri, unanyooka, unakua upesi, unatoa nguzo na mbao. Kwa miaka mingi ulikaa karibu na pale ulipopandwa.

Yalipokuja makatapila, msitu ukafunguliwa mwanga na udongo ukabaki wazi. Tunda la msizi linapendwa sana na hondohondo. Ndege yule anameza, anaruka ng'ambo ya bonde, anatema au kunya kokwa kwenye udongo ule uliokwanguliwa. Katika miaka michache msizi ukaenea mistari mizima, ukifuata njia za magogo na viwanja vyake. Ukiwa juu ya kilima leo unaweza kuisoma ramani ya miaka ile kwa kutazama vichwa vya misizi.

Wapo wanaosema msizi umeokoa mlima usibaki uchi, na wapo wanaosema umeupora. Sisi tunaona pande zote mbili. Umeweka kivuli mahali palipokuwa jangwa. Lakini majani yake yanaoza upesi, na chini yake si rahisi kukuta mchanganyiko ule wa miche wa msitu wa zamani. Sehemu nyingine hata msizi haukuota, ikashika Lantana camara na vichaka vya miiba, ambavyo mbuzi mwenyewe anavikimbia.

WALIYOYAONA WENGINE

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Sabah, nchini Malaysia, ambako misitu mikubwa ilivutwa magogo kwa makatapila kama hayo, watafiti walikagua njia za zamani na kutoa matokeo yao mwaka 2000. Katika msitu uliovunwa miaka 18 kabla, njia zilikuwa bado na miche michache na aina chache kuliko msitu wa pembeni. Na ile iliyoota ilikuwa zaidi ya mbegu ndogo na ya matunda yanayobebwa na ndege. Mtoto aliyezaliwa siku ya katapila amekuwa mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura, na njia haijapona!

Marekani nao walianza mwaka 1989 majaribio ya muda mrefu, baadaye na Kanada, wakisindika udongo makusudi na kuondoa majani kwa viwango mbalimbali, kisha kupanda miti na kuipima mwaka hadi mwaka. Waliyoyaona yanatufundisha kutopayuka. Kwenye udongo wa mfinyanzi miti ilidumaa. Lakini kwenye udongo wa kichanga, kusindikwa kidogo wakati mwingine kuliisaidia miti, maana mchanga ulianza kushika maji. Kwa hiyo jibu linategemea udongo wako. Wa Pwani kule Pangani asije akatushangaa, na sisi tusimcheke. Wetu ni mfinyanzi mwekundu, na kwetu jibu tunalijua.

Kitu kingine tulichojifunza ni kwamba katika nchi za baridi barafu huingia udongoni, huvimba na kuyeyuka, na kidogo kidogo huulegeza. Huku kwetu hakuna barafu. Wakulima wetu wa chini ya ardhi ni minyoo, mchwa na mizizi, na hawa hawaji mahali pasipo na chakula. Ukitaka waje, uwaandalie.

SHAMBA LETU LA UWANJANI

Tulipokabidhiwa uwanja wa magogo, pamoja na ukingo wa msitu unaouzunguka, Bwana Miti alitushauri tupande pande zote mbili, uwanjani na ukingoni, miche ya kitalu kimoja, siku moja, ili kila mtu ajionee. Tulifanya hivyo. Leo mgeni akija tunampeleka akaone. Mshai ulioko ukingoni unampita mtu mrefu na kivuli chake tunakaa. Ndugu yake wa uwanjani, wa kiriba kilekile, anafika kiunoni. Hakuna hotuba inayofundisha kama hiyo.

Tangu hapo uwanja umekuwa darasa letu, na mambo tuliyoyaona yanafaa ni haya:

Kwanza, jembe peke yake halitoshi. Pale ni kazi ya sululu. Tunachimba mashimo mapana na ya kina, tunavunja kuta zake ili mizizi isizunguke ndani kama iko kwenye chungu.

Pili, udongo mweusi hatuchukui hifadhini, kwanza ni marufuku, na pia ni kumvua mmoja nguo ili kumvika mwingine. Tunatumia samadi, majivu kidogo na mboji tunayoitengeneza wenyewe.

Tatu, matandazo. Majani ya migomba, nyasi, maganda ya iliki, kila kinachooza kinawekwa juu. Minyoo imeanza kurudi sehemu zilizotandazwa, na sehemu tupu haipo.

Nne, makinga maji kukata mteremko, ili maji yasimame yazame, yasikimbie na udongo wetu.

Tano, miti inakwenda kwa zamu. Tunatanguliza inayovumilia jua na inayorutubisha ardhi, kama mshai. Kivuli kikipatikana ndipo tunaingiza mtambara na msambu chini yake. Mwenyeji wa kivulini haumwaliki kabla hujajenga nyumba.

Kazi hii ni ngumu, tena ni ya wanawake wenye watoto mgongoni. Hatuipambi.

HOJA ILIYO MBELE YETU

Katika mkutano mkuu wa maadhimisho haya ya miaka kumi, wanachama mtaletewa hoja. Wapo wenzetu wanaosema, uwanja ule tuujaze misizi na mitiki, katika miaka michache tuuze nguzo, tugawane. Hoja yao ina uzito. Ada za shule hazisubiri msambu uote, na mwenye njaa haambiwi habari za mwaka kesho kutwa. Isitoshe, uwanja uko nje ya hifadhi, kwa hiyo sheria haitukatazi kupanda miti ya mbao.

Wapo wengine wanaosema, uwanja ule uko juu ya chemchemi yetu. Tukipanda vya kuvuna mara moja, siku ya kuvuna tutaleta tena lori, minyororo na magurudumu juu ya udongo uleule ambao tangu miaka ya 1980 haujapona. Tutakuwa tumerudia kwa mikono yetu jambo tulilolitazama likifanywa na wengine.

Sisi tulioandika ukurasa huu, ambao tumo katika kamati ya mazingira, tumependekeza hivi. Sehemu ya chini, iliyo karibu na barabara, ambako lori linaweza kusimama bila kuingia shambani, ipandwe miti ya mbao na nguzo, na ivunwe wakati wa kiangazi tu, udongo ukiwa mkavu, kwa njia moja iliyowekwa alama, na magogo yabebwe au yapasuliwe palepale. Sehemu ya juu, kwenye chemchemi, ibaki ya mishai, mitambara na misambu, na iliki chini yake, isiguswe na gurudumu lolote. Na kila mwaka kabla ya kugawana, kiasi kidogo kitengwe kwa ajili ya samadi na viriba. Kiasi gani, hilo mtaamua nyinyi kwa kura, kama tulivyoamua kila kitu tangu siku ya kwanza.

Tunajua fedha ile itakuwa na shimo katika mgao wa kila mmoja. Lakini tukumbuke tulivyoanza. Mwaka wa kwanza tulichekwa, tukaambiwa, mtapata nini kwa hisa ndogo namna hiyo? Haba na haba hujaza kibaba. Udongo nao hujazwa hivyo hivyo, jani moja, nyunyu moja, mzizi mmoja. Tofauti ni kwamba sanduku la fedha likivunjwa leo, kwa jasho letu tunaweza kulijaza tena katika miaka kumi. Sanduku la udongo likivunjwa, anayelijaza ni mjukuu, na huenda asimalize.

Kwa hiyo, mwanachama mwenzetu, kabla hujapiga kura, panda mpaka uwanjani. Nenda na binti yako. Simama kwanza chini ya mshai wa ukingoni, kisha simama kando ya ndugu yake wa uwanjani. Chukua kijiti ukichome ardhini hapa na pale, usikie mkono wako unakwambia nini. Halafu uje mkutanini useme unaloliona.